Sukari Zote Zipo

Kalemie, Kataki
tarehe 11 mwezi wa tatu, 2024

Yaya Lydie, mkubwa wangu,

Salamu kwako na kwa baridi ya huko Liège. Sisi wote wazima, isipokuwa yule unayemjua.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ipo, lakini tangu umtumie Mama ile kubwa, habari zote za familia zinatolewa kwa sauti ya juu katikati ya kiwanja, na majirani wanachangia. Juzi nilipokuuliza juu ya damu ya Papa, jirani wa nyuma alijibu kabla yako. Kuna mambo yanayotaka bahasha.

Papa Symphorien, aliyetumikia reli maisha yake yote bila kuchelewa, sasa anachelewa kufika mlangoni mwake. Ule ugonjwa wa sukari ulianza na macho, ukashuka kwenye figo. Dokta wa Lubumbashi alitueleza kwamba figo zilizochoka haziagizi tena damu mpya, kwa hiyo inabidi tuiagize sisi kwa sindano. Tunaagiza. Kila wiki Virginie, muganga wa dispensari, anakuja, anamchoma, anakunywa chai, anasema itapanda. Haipandi. Uso wa Papa umekuwa rangi ya simenti ya Kabimba. Dokta alisema kufikia sasa angekuwa anakwenda misa kwa miguu yake. Anakwenda hadi kwenye kiti.

Mji umekwisha kupata jibu, kama kawaida yake, kabla ya kuuliza: famasi ya Prospère inatia maji kwenye chupa za dawa. Mama amelisema mwenyewe kwenye lango la parokia, siku ya Jumapili, watu wakiwa bado na rozari mikononi. Prospère alimnyooshea mkono. Mama aliuacha mkono hewani, akawauliza watu wote kwa upole: “Kuna muntu wa kuniambia tangu lini maji ya ziwa yanachomwa watu?” Prospère aliurudisha mkono mfukoni polepole, kama mtu aliyeunyoosha kwenye nyumba isiyo yake.

Ndipo nikakumbuka Noeli ile uliyokuja, ukatueleza kazi yako ya maabara: kwamba dawa za namna hii zina sukari zilizoshikamana nazo, na wewe kazi yako ni kuzitazama hizo sukari kama ndizo ao sizo. Watu walisinzia. Mimi sikusinzia. Shule yangu unajua iliishia wapi, lakini nina tabia ya kusikiliza mambo yasiyonihusu, na imenifikisha mbali kuliko shule. Ulisema waghushi wanaweza kuiga chupa, kifuniko na rangi, lakini sukari inawashinda.

Basi nakutumia chupa mbili kwa mkono wa Abbé Aristide, padiri anayekuja huko kusoma. Mama alizifunga mwenyewe kwenye termosi. Nataka kujua kitu kimoja tu: ni dawa ao ni maji? Kama ni maji, Prospère atatueleza. Kama ni dawa, basi Papa anakwenda mbele ya macho yetu na hatujui kwa nini, na hilo litakuwa baya kuliko mwizi.

Mdogo wako,
Anatole


Liège, tarehe 2 mwezi wa nne, 2024

Anatole, mdogo wangu,

Abbé Aristide alifika na termosi ameikumbatia kama anapeleka komunyo kwa mgonjwa. Nilimshukuru. Aliniuliza kama anaweza kupata chai. Nilikuwa sina sukari nyumbani. Tulicheka kidogo, tukaacha.

Nitakueleza ninachofanya, kwa sababu wewe hukusinzia.

Dawa hiyo ni protini. Ifikirie kama shina la mti mdogo. Juu ya shina kuna matawi ya sukari, si ile ya chai, ni sukari za namna mbalimbali zilizoungana. Kwenye ncha ya kila tawi panatakiwa kuwe na sukari moja yenye uchachu, ambayo ni kama kofia. Ini la mtu ni askari wa barabarani: linakagua kofia. Dawa isiyo na kofia inakamatwa na kumezwa kabla haijafanya kitu. Yenye kofia inaachwa ipite, izunguke, hadi ifike kwenye mifupa na kuamuru damu itengenezwe. Ndiyo maana sukari zisipokuwa sawa, unaweza kuchoma mtu dawa ya kweli ikawa kama hukumchoma.

Mimi nakata matawi yale kutoka kwenye shina, nayapaka rangi inayong'aa, nayasukuma kwenye bomba jembamba. Kila tawi linatoka kwa wakati wake, na kwenye kioo naona vilima. Kilima kirefu, tawi hili. Kilima kifupi, tawi lile. Siku nzima natazama vilima. Nikitoka nje natazama tramu.

Mkuu wangu amekubali nizipitishe chupa zenu mwisho wa foleni, baada ya kazi za watu. Alikubali kwa kutazama dirisha. Subirini.

Chupa zote mbili zilikuwa na vumbi jeupe, kama unga uliobaki chini ya kikombe. Ni safari, nafikiri, na mikono ya Abbé. Nimelichuja kabla ya kuanza, kwa sababu vumbi linaziba mashine.

Swali moja la kawaida: mnaziweka mahali pa baridi?

Msalimie Papa. Mwambie nasikia sauti yake kwenye simu hata asiposema.

Lydie


Kalemie, tarehe 29 mwezi wa nne, 2024

Yaya,

Unauliza kama zinawekwa baridi. Nilisoma mstari huo mara mbili, nikajiuliza kama umesahau mama yako ni nani. Mama Agnès ametusomesha kwa kuuza samaki, mikebuka iliyofika sokoni ikiwa bado inang'aa macho. Tangu dokta atamke neno “baridi”, dawa za Papa zimekuwa chini ya mamlaka yake, na hakuna anayezigusa, hata mimi ninayezitoa kwa Prospère na kuzifikisha mlangoni. Umeme ukikatika, wengine wanasema “ah”. Yeye anachukua mablanketi. Virginie anasema hajaona nyumba inayotunza dawa namna hii, na yeye ameingia nyumba nyingi.

Papa amepata mzaha mpya kutoka kwenye barua yako, nilimsomea kidogo. Anasema: “Sukari ilikula macho, ikakula figo. Sasa mutoto wangu anaitafuta Ulaya aniongezee.” Alicheka, halafu akapumzika kwa ajili ya kucheka.

Juzi waligombana juu ya Prospère, nikiwa natengeneza mguu wa meza.

“Yule mutoto hawezi kunitilia maji,” Papa akasema. “Ni mimi nilimushika siku ya ubatizo.”

“Ulimushika ukiwa na macho,” Mama akamjibu. “Sasa hauone tena.”

“Nakuona wewe.”

“Unaona mwanga wa dirisha, Symphorien. Mimi niko huku.”

Papa akageuza kichwa upande wa sauti. “Ni vile vile,” akasema.

Watu hawaingii tena kwa Prospère. Wanapita mbele ya famasi wakitazama ziwa, ambalo halijafanya lolote jipya isipokuwa kupanda na kumeza nyumba za chini. Yeye anafungua kila asubuhi, anakaa nyuma ya kioo. Nafikiri anangoja vilima vyako kama mimi.

Anatole


Liège, tarehe 24 mwezi wa tano, 2024

Anatole,

Sukari zote zipo. Nimerudia kazi tangu mwanzo ili nisiamini haraka, na vilima vimetoka vilevile: matawi yanayotakiwa, kwa urefu unaotakiwa, na kofia zake. Hakuna mghushi anayeweza kufanya hivi jikoni. Hiyo ni dawa.

Nenda kwa Prospère ukamwombe radhi. Mama naye aende, hata kama itabidi umbebe.

Kwa nini damu haipandi, sijui. Mimi natazama sukari tu. Mengine yanatazamwa ghorofa ya juu, na watu wengine, ambao hatuli pamoja. Mwambie dokta kwamba dawa ni ya kweli, yeye atajua kama aongeze.

Nilifurahi nilipoona vilima. Nakuambia kwa sababu sijui nimweleze nani mwingine. Nilifurahi, nikanunua mkate mzuri.

Lydie


Kalemie, tarehe 19 mwezi wa saba, 2024

Yaya,

Mazishi uliyaona kwenye simu, isipokuwa pale ndugu yetu Basile alipofunika kamera kwa kidole, na ndipo jeneza lilipopita. Usimkasirikie. Ameangalia hiyo video kuliko sisi wote.

Sina cha kuongeza. Papa alikwenda asubuhi, akiwa ameulizia saa. Watu wananiuliza kama nililia. Nawaambia nilikuwa nashughulikia viti, na ni kweli, vilikuwa vya parokia na vimerudi vyote. Dokta alikuwa ameongeza dawa kama ulivyosema. Tukachoma zaidi. Ilikuwa kama kumwaga mchangani.

Kwa Prospère nilikwenda, baada ya barua yako, nikamwomba radhi. Alisema “si kitu”, halafu akapanga upya maboksi yaliyokuwa yamepangwa. Mama hakwenda. Alisema: “Lydie ameona sukari. Mimi sijaona damu.” Siku ya mazishi Prospère alibeba jeneza upande wa kushoto. Mama alitazama upande wa kulia.

Kuna kitu kidogo nilikiona, nakuandikia kwa sababu ndicho pekee kilichonigusa wiki ile. Ilibidi tutoe samaki wote kwenye konjelateri ya Mama, lile friza lake la kugandishia, ili watu wa matanga wale. Chini kabisa, chini ya mikebuka, nikakuta dawa za Papa zilizobaki, zimefungwa kwenye kitambaa chake cha kwenda misa. Ngumu kama jiwe, Yaya. Barafu nyeupe juu yake, vidole vikanasa. Nilifikiri: huyu mwanamke ameushinda umeme wa nchi nzima. Aliniambia tangu chupa ya kwanza hakuacha hata moja iyeyuke kabla ya siku yake. Asubuhi ya sindano aliitia kifuani, chini ya nguo, akatembea nayo akifagia, hadi iwe maji tena, na Virginie akifika anaikuta tayari, yenye joto la mtu.

Ningependa siku moja nitunzwe hivyo.

Anatole


Liège, tarehe 15 mwezi wa nane, 2024

Anatole,

Barua hii uisome peke yako, halafu uichome.

Nimekaa nayo muda kabla ya kuandika. Hakuna namna nzuri, kwa hiyo naandika wazi.

Dawa ile inataka baridi ya frigo, baridi ya maji ya kunywa. Haitakiwi kuganda hata mara moja. Ikiganda na kuyeyuka, protini zinashikana zenyewe kwa zenyewe, mabonge mabonge, kama yai lililochemshwa. Huwezi kulirudisha kuwa bichi. Mwili haulitumii.

Lile vumbi jeupe halikuwa vumbi. Lilikuwa dawa yenyewe. Niliichuja, nikatupa kichujio kwenye ndoo ya taka chini ya meza yangu, nikapima maji yaliyobaki. Ndani yake kulikuwa na kidogo kilichonusurika, na hicho kidogo kilikuwa na sukari zake zote, kwa sababu sukari haziogopi barafu. Nilipewa swali moja, kama sukari ni zenyewe, nikalijibu vizuri. Nilikuuliza kama mnaziweka baridi, nawe ukajibu vizuri. Tulisema kweli wote wawili.

Sijui kama Papa angepona. Figo zilikuwa zimekwisha. Lakini angekwenda misa kwanza.

Sitaki umweleze Mama. Aliambiwa baridi, akatoa baridi kubwa kuliko zote alizo nazo. Samaki akilegea ameoza, hilo analijua tangu utoto, na hakuna kati yetu aliyemwambia kwamba kuna kitu duniani kinachoharibika kwa kuwa kigumu. Acha abaki hivyo. Tunaweza kunyamaza, wewe na mimi. Tuna kazi za kunyamaza, zote mbili.

Sijambo. Ninakula. Natazama vilima.

Lydie


Kalemie, tarehe 20 mwezi wa tisa, 2024

Yaya,

Barua niliichoma. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza hadi kaburini, na kazi yangu kwenye biro, ofisi ya bandari, imenizoeza. Nilinyamaza wiki kadhaa tu.

Jumamosi tulimaliza matanga na vitu vya Papa vikagawanywa, mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Mama alikaa kwenye kiti cha Papa, akaita majina. Koti la reli kwa Basile, linamfika magotini. Redio kwangu, haishiki. Kofia kwa katekista. Watu wakafikiri imekwisha. Mama akasema, “Bado.” Akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha misa, kinafuka moshi wa barafu.

Akamwita Tina. Unamkumbuka Tina, mke wa Néhémie, anayefundisha darasa la pili, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Figo zake zimeanza mwaka huu, ni ugonjwa uleule, sindano ileile, na Néhémie anahangaika kuzipata. Sasa anafundisha akiwa amekaa, na watoto wanamletea ubao mdogo mapajani.

“Koti ni kitu cha kuvaa,” Mama akasema. “Hii njo kitu cha maana. Tina, wewe na marehemu ugonjwa wenu ni moja. Hizi ni zako. Lakini wewe hauna konjelateri, kwa hiyo zitakaa hapa kwangu, ngumu, na kila wiki utakuja kuchukua moja. Nitakufundisha kuiyeyusha.”

Tina akapiga magoti. Watu wakapiga makofi. Unajua kitu ulichopewa kwenye mgawanyo hakikataliwi. Ni kama kumrudishia marehemu mkono.

Jioni nilijaribu. Nilisema, “Mama, zile zimepita siku.” Akaomba miwani, akasoma kwenye boksi, akavua miwani. “Mpaka mwaka kesho. Nyamaza.”

Nikapumua, nikajaribu tena. “Mama, dawa ya marehemu haifai kwa muzima.”

“Tangu lini umekuwa mufumu wa kuagua? Nenda umwambie padiri hivyo, na mimi nikuje kusikiliza.”

Kwa hiyo ni hivi. Nikisema kweli, Mama atajua kwamba Papa alichomwa barafu yake miezi yote ile. Nisiposema, Tina atachomwa yeye. Anaanza karibuni.

Nimefikiri njia ya katikati, ya kijanja, za namna hiyo ndizo ninazozijua. Prospère ana dawa nzuri ndani ya frigo yake, yenye baridi ya maji. Néhémie na mimi tutapambana kuzilipia. Tina achomwe hizo. Kila wiki aje kwa Mama, achukue ile iliyoganda, ashukuru, akaitupe. Lakini kwa hilo lazima nimwambie Tina kila kitu, na Prospère pia, ambaye Mama alimtukana mbele ya parokia nzima, na ambaye akitaka kujisafisha leo anahitaji sentensi moja tu.

Niambie wewe. Tina ao Mama?

Anatole


Liège, tarehe 8 mwezi wa kumi, 2024

Tina.

Mwambie Tina, mwambie Prospère. Dawa ya Tina nitachangia mimi, usibishane nami.

Na kama kuna njia ya Mama kutojua, iwe hiyo. Kama hakuna, basi Tina.

L.


Kalemie, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja, 2024

Yaya,

Imefanyika, na imefanyika kwa urahisi ambao siupendi.

Nilimsubiri Tina nje ya shule. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, yenye yai la kuchemsha ndani yake. Nilipofika kwenye neno “barafu” akanishika mkono. “Papa Anatole, nimeelewa. Nitafanya hivyo. Mama hatajua kwangu.” Hakuuliza hata swali moja. Mwalimu!

Kwa Prospère ilikuwa vilevile. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza misa aliyokwisha kuisikia asubuhi. Nikamwambia, “Unaweza kusimama kwenye lango la parokia, useme haukututilia maji.” Akasema, “Naweza.” Akafuta kioo. Hajaenda.

Sasa kila wiki kuna mchezo nyumbani kwetu. Tina anakuja, Mama anachimba chini ya mikebuka, anamtolea chupa. Tina anaipokea kwa mikono miwili. “Aksanti Mama. Nasikia nguvu.” Mama ananigeukia: “Unaona?” Mimi naona. Nimeona michezo mingi ya Noeli pale parokia, na malaika wake wote hawamfikii Tina. Halafu Tina anakwenda zake, anaitupa chooni, na anapita kwa Prospère.

Damu yake imepanda. Juzi nilipita dirishani kwa darasa la pili. Anafundisha amesimama.

Mama hajui kitu. Tumeshinda, kama hilo ndilo jina lake. Nimekaa na redio ya Papa, nageuza kitufe cha kutafuta stesheni. Haishiki, lakini inafanya kelele sawasawa pande zote.

Anatole


Kalemie, tarehe 12 mwezi wa kwanza, 2025

Mutoto wangu Lydie,

Ni mimi mama yako, kwa mukono wangu. Masista wa Moba walinifundisha kuandika, wakasahau kunifundisha kuandika kidogo, ndiyo sababu herufi ni kubwa hivi. Barua hii inakuja na Joëlle, yule binti wa mtaa wa Kichanga anayekuja kuolewa huko. Anatole hajui. Asijue.

Kuna jambo nataka kukuuliza, lakini lazima nilianze mbali.

Siku ya pili ya kumaliza matanga, Tina alienda kuchukua sindano tupu kwa Prospère. Nikasema twende pamoja. Nilikuwa nataka Prospère aone vile mimi natunza. Nikamwambia: “Wewe unauza tu. Mimi njo natunza. Hata moja haijayeyuka, tangu mwanzo. Ngumu kama jiwe.” Nilisema kwa kiburi, mutoto wangu. Nilisema na kidole.

Akaacha kufuta kioo. Nilimuangalia. Ule uso niliuona ku lango la parokia siku niliacha mukono wake. Ulikuwa uso wa kuumizwa. Lakini siku hii alikuwa na uso mwingine, alikuwa ananihurumia mimi. Nikaogopa. Nikamwambia, sema. Akakataa. Nikamwambia, mimi ni muke wa aliyekushika ku ubatizo, sema. Njo akasema, polepole: “Mama, dawa ya namna hii inaogopa barafu.”

Tina alikuwa pale. Tulikaa watatu. Mtu mumoja aliingia kutafuta dawa ya kikohozi, akatuona, akatoka.

Sikulia. Mpaka leo. Naamka, nauza samaki, naenda misa. Watu wanasema Mama Agnès ana nguvu.

Nikawaomba wale wawili kitu kimoja, Anatole asijue. Ni yeye alikuwa anazichukua kwa Prospère na kunitia mukononi. Akijua, atasema ni yeye. Unamujua, anacheka mudomo tu. Kwa hiyo Tina anakuja kila wiki, nampa ile mbovu mbele ya Anatole, anashukuru, anaenda kutupa, anapata muzuri kwa Prospère. Prospère anasema dawa ya Tina inapatikana, nisiulize. Siulizi. Tina anaigiza vizuri sana. Anatole anaangalia na hajui kitu, masikini. Siku ingine namugeukia, namwambia “Unaona?”, ili aamini zaidi.

Kwa Prospère bado sijaomba radhi ku lango, mahali nilimutukania. Itabidi iwe pale, mbele ya watu, na watu watauliza sababu. Nitaenda siku Anatole atasafiri. Miguu bado inakataa.

Sasa swali langu. Wewe unajua ndani ya hizo dawa. Ile iliyoganda, nilipokuwa namupa Papa yako, ilikuwa inamuumiza, ao ilikuwa maji tu? Niambie kama ni maji tu. Nitaweza kuishi na maji.

Ya Tina bado mbili zimebaki. Yeye atatupa moja, halafu ingine. Kisha konjelateri itabaki na samaki tu. Lakini nakuambia wewe, juu sitaki kumwambia padiri: umeme ukikatika, hata sasa, mukono wangu unaenda peke yake, unapita chini ya mikebuka, unazigusa.

Zingali ngumu.

Mama yako,
Agnès